Kabla Hujataja Jina la Jirani

Mimi ni katibu wa usalama wa LC1, yaani serikali ya kijiji, katika kijiji kimoja cha Kasese, Uganda, si mbali na mpaka wa Mpondwe wa kuingia Kongo. Kazi yenyewe haina mshahara. Ina daftari, ina kalamu ninayoinunua mwenyewe, na ina simu inayolia saa nane za usiku. Zamani nilikuwa mwenyekiti wa stegi ya boda, kituo cha pikipiki za abiria, na kusema kweli stegi ilinifundisha kazi hii kuliko semina zote nilizoitwa, maana mtu wa boda anamjua mgeni hata kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Nawaandikia wenzangu: makatibu, wenyeviti, viongozi wa stegi na wa soko, na yeyote ambaye siku moja ataulizwa na mtu mwenye bunduki, "Hapa kwenu nani mnamtilia shaka?" Mimi niliwahi kulijibu swali hilo vibaya.

Huku kwetu hatuhitaji kuelezwa ugaidi ni nini. Novemba 1996, waasi wa ADF walipoivamia Mpondwe, nilikuwa na miaka tisa, nikakimbia nikiwa nimebeba sufuria na kuku mmoja. Mwaka 1998 walichoma wanafunzi wakiwa mabwenini Kichwamba. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, chini ya kilomita mbili kutoka mpakani. Wanafunzi 37 waliuawa, na jumla ya waliokufa usiku ule ilizidi 40. Nilishika jembe kwenye makaburi mawili wiki ile. Kwa hiyo anayeniambia wanajeshi waondoke milimani, simwelewi.

Ila ni Kasese hiihii ambayo Novemba 2016 ilipoteza watu zaidi ya 100 kwa siku mbili, polisi wakiwa miongoni mwao, pale vikosi vya serikali vilipovamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu. Sisi tunaogopa hodi ya aina zote mbili.

Kosa langu lilikuwa hili. Wiki chache baada ya msiba wa Lhubiriha walikuja watu wa usalama, wakataka orodha. Palikuwa na kijana fundi simu, mgeni, amepanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mchana analala, usiku haonekani, akipiga simu anasema Kilingala. Nikaandika: "Mgeni. Hajulikani vizuri. Tabia za kutia shaka." Maneno saba na jina lake juu yake. Siku tatu baadaye gari lisilo na namba lilimchukua kabla ya alfajiri.

Asubuhi mkewe alikuja kwangu, mtoto mgongoni, kuomba barua ya LC ya kumtafuta mumewe. Hakujua jina lilitoka wapi. Nikamwandikia kwa kalamu ileile.

Alirudi baada ya siku 19. Mkono wa kushoto ulikuwa haupandi juu ya bega. Hakushtakiwa kosa lolote. Na sababu ya kulala mchana? Usiku alikuwa mlinzi kwenye mashine ya kusaga muhogo, mwendo wa nusu saa kutoka chumbani kwake. Ningemwuliza mwenye mashine, ningejua kwa dakika tano.

Yanayofuata ndiyo ninayoyafanya sasa.

Daftari la wageni

Kila anayeingia kulala kijijini zaidi ya siku tatu anaandikwa. Jina, alikotoka, mwenye nyumba, kazi, siku aliyofika, namba ya simu, na safu ya mwisho ambayo kwangu ndiyo yenye uzito: mtu anayemjua hapa. Sina safu ya dini wala ya kabila. Mzee wetu wa msikiti alinieleza vizuri kuliko sheria: "Ukimwandika kila mgeni, mimi sina neno. Ukiwaandika wageni wangu tu, hilo ni daftari la msikiti, si la kijiji." Mchungaji alipoleta wageni wa mkutano wa injili niliwaandika wote 14, naye akanuna. Anune tu.

Daftari linalala ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Usilipige picha ukaitupa WhatsApp, hata kwenye kundi la kamati. Afisa akitaka kulisoma, alisome hapo mezani, nami naandika pembeni: fulani, wa ofisi fulani, siku fulani, kurasa hizi. Mara ya kwanza mmoja alikasirika. Mara ya pili alitaja jina lake kabla sijauliza.

Taarifa yenyewe

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtu anapookolewa au anapoumizwa.

Gawa ukurasa mara tatu. Juu ya safu ya kwanza andika NIMEONA, ya pili NIMESIKIA, ya tatu NADHANI. Kisha lazimisha kila neno liingie mahali pake. Ile taarifa yangu ya zamani ukiipitisha humo, "mgeni" linabaki kwenye safu ya kwanza, na mengine yote yanakimbilia ya tatu. Yaani sikuwa nimeona kitu.

Sasa tazama hii, niliyoiandika mwaka jana, nikibadilisha kidogo tu ili wahusika wasijulikane:

Nimeona: Jumanne saa mbili na nusu usiku, vijana wanne wakivuka mto Lhubiriha chini ya mti mkubwa wa mwembe, wakitoka upande wa Kasindi, Kongo. Magunia mawili, kila moja limebebwa na watu wawili. Wawili wamevaa gambuti. Sikuona silaha.

Nimesikia: muuza samaki kasema vijana hao walipita pia Ijumaa.

Nadhani: magendo. Inaweza kuwa kitu kingine. Watu wanne kwa magunia mawili ni wengi.

Unaona hiyo "sikuona silaha"? Watu wengi huogopa kuandika wasichokiona, wanadhani taarifa itakuwa nyepesi. Kumbe askari anayekwenda kuwasubiri pale mtoni gizani, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, mstari huo unaweza kuwa ndio unaomfanya apaze sauti kwanza. Na huku kwetu nusu ya wanaovuka usiku kwa njia za panya na mzigo mzito wanamkimbia mtu wa URA, yaani wa kodi na ushuru, tu. Wana vitenge, wana mafuta ya kupikia. Wale wa magunia? Vitenge.

Mtu akikuletea habari za jirani yake, muulize kabla hujafungua daftari. Uliona mwenyewe au uliambiwa? Mna kesi ya shamba, deni, mwanamke, au siasa? Utakubali OC, yaani mkuu wa kituo cha polisi, peke yake ajue jina lako? Nimeshawahi kuletewa "gaidi" ambaye kosa lake lilikuwa kuhamisha jiwe la mpaka kwenye kahawa ya mwenzake. Lakini tahadhari: wapo wanaokataa swali la mwisho kwa sababu wanaogopa kweli, na wana haki ya kuogopa, maana waasi nao wana masikio vijijini. Mtu wa namna hiyo jina lake usiliandike popote. Libebe kichwani, umwambie mkuu wa kituo kwa mdomo.

Taarifa ipeleke polisi, iingizwe kitabuni, upewe namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Bila namba hiyo ulichopeleka ni umbea. Nakala moja ibaki kwako. Ukiombwa majina kwa simu na mtu usiyemjua, hata akisema anatoka ofisi ya nani, mwambie mkutane kituoni. Afande mmoja mkongwe aliniambia kuwa jina bila sababu linampotezea siku tatu, na katika siku hizo tatu mhalifu wa kweli anapata nafasi ya kutoka. Hilo niliweke wazi kwa wanaodhani haki za binadamu ni ulegevu. Baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, pale Kyadondo na Kabalagala, watu zaidi ya 70 walikufa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Wapelelezi walipata uzi wao kwenye mkanda wa mabomu uliokutwa Makindye bila kulipuka, na kwenye simu iliyokuwa nao. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa saba kwa ugaidi. Watano wengine walionekana hawana hatia, na walikuwa wameshakaa rumande zaidi ya miaka mitano.

Safu tatu ni za mambo yanayoweza kungoja asubuhi. Ukiona kundi lenye silaha, au mtu anatengeneza bomu, hakuna safu. Piga 999 au 112, piga detachi, kambi ndogo ya jeshi, iliyo karibu, ondoa watoto.

Kuhusu mfuko ulioachwa sokoni sina mengi. Usiuguse, usiusogelee kuupiga picha, sogeza watu mbali, na usiwaache wakusanyike sehemu moja kushangaa. Kampala, tarehe 16 Novemba 2021, bomu la pili lilikuja dakika chache tu baada ya la kwanza.

Usiku wa msako

Wakija, watakuamsha wewe au mwenyekiti. Nenda. Kuna makatibu wanaozima simu usiku ule ili baadaye waseme hawakujua. Usipokwenda, mle ndani hakutakuwa na jicho lingine.

Tembea taratibu, tochi ielekee chini, mikono ionekane. Msalimie mkubwa wao kwa heshima, "Jambo afande," kisha uliza jina lake, kitengo chake, na kama kuna hati ya upekuzi. Uliza mara moja, kwa sauti ya kawaida. Asipojibu, usibishane na mtutu. Kumbuka sura, namba ya begani, sare, saa.

Omba wewe ndiye upige hodi na uite kwa jina. Nimefanya hivyo mara nne, na mara zote nne mlango ulifunguliwa bila kuvunjwa. Hapa lugha ina kazi. Askari wanazungumza Kiswahili, na bibi zetu wengi wakisikia Kiswahili usiku mlangoni wanaganda, kwa sababu walikisikia hivyo enzi za Amin, wakakisikia tena miaka ya waasi. Baraza la mawaziri lilikipitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, sawa, nami nakipenda, nakiandika hiki kwa Kiswahili. Lakini mama wa miaka 70 aliyeganda, askari anamwona kama mtu anayekataa amri. Kwa hiyo tafsiri kwa Lhukonzo, lugha yetu ya hapa, kwa sauti, neno kwa neno, pande zote mbili zisikie. Ni sheria pia: ibara ya 23 ya Katiba inataka anayekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa.

Watoto watoke kwanza, wakae na jirani. Mwanamke akipekuliwa, apekuliwe na mwanamke. Kinachochukuliwa kiandikwe hapohapo: simu ngapi, za aina gani, pesa kiasi gani, karatasi zipi. Usikubali "vitu mbalimbali". Utaombwa kutia saini. Saini ulichokiona kikitoka ndani ya nyumba kwa macho yako. Kama kimeletwa toka nje ulipokuwa na watoto, andika kando ya saini yako: "Sikuona kikipatikana." Mara moja nimeandika hivyo mkono ukitetemeka, na yule afande aliusoma mstari, akanitazama, akakunja karatasi akaondoka. Hakunifanya kitu. Sikuahidi kwamba wewe utakuwa na bahati hiyo.

Kisha swali moja: "Afande, mnampeleka wapi, ili familia ilete chai?" Chai inasaidia, inalifanya swali liwe la nyumbani. Katiba inasema mtu awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria, yaani pasiwe nyumba ya siri. Andika namba ya gari. Likiwa ni yale ambayo watu wanayaita drone, matatu nyeupe bila namba, andika rangi, mikwaruzo, kioo kilichopasuka, na barabara liliyofuata. Usimwachie mke wa mtu kazi hiyo. Yeye wakati huo haoni kitu.

Saa 48

Katiba imetoa saa 48 mtu afikishwe mahakamani, na saa inaanza pale alipokamatwa. Mimi naandika dakika.

Kukipambazuka nenda kituo cha polisi pamoja na ndugu mmoja, mmoja tu, mwenye moyo mtulivu. Shemeji anayejua kupiga kelele abaki nyumbani. Chukueni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, dawa kama ana maradhi, nguo, chakula. Ombeni kitabu cha mahabusu kitazamwe. Wakisema hayupo, ripotini kuwa amepotea na mdai namba ya SD. Kisha nendeni kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ambaye anaongoza kamati ya usalama ya wilaya. Kila ofisi, andikeni saa na jibu.

Barua ya LC ndiyo silaha yenu, na wengi wanaiharibu kwa kuapa. "Namjua, hana hatia kabisa." Wewe umejuaje? Ukija kukosea, barua zako zote zinazofuata hazisomwi. Yangu sasa inasomeka hivi: "Mtajwa ni mkazi wa kijiji hiki tangu mwezi fulani, anaishi kwa fulani, kazi yake ni hii. Alichukuliwa nyumbani saa kumi na dakika kumi alfajiri, tarehe hii, na watu wenye silaha, mbele ya mashahidi. Kijiji hakijui kama ana kosa. Kinaomba kujua alipo, na afikishwe mahakamani kwa mujibu wa ibara ya 23." Muhuri, saini. Nimeona ofisa aliyekuwa ameshaanza kukunja uso akaulegeza alipofika kwenye "hakijui kama ana kosa".

Atatokea mtu wa kuwaambia anajua alipo, anataka milioni mbili. Mwingine atataka laki tano za bondi, yaani dhamana ya polisi. Bondi ya polisi ni bure, imebandikwa ukutani kwenye vituo vingi, na kwa kesi za ugaidi ni nadra mtu kuipata, kwa hiyo huyo anawaibia mara mbili. Usiuze mbuzi.

Saa 48 zikipita kimya, nendeni Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ofisi yao ya kanda iko Fort Portal, na mtafute wakili aombe Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele ya jaji. Haki hiyo ya kuletwa, pamoja na ile ya kutoteswa, zimo kwenye ibara ya 44 kati ya zile chache ambazo serikali haiwezi kuzipunguza hata wakati wa vita. Akishashtakiwa kwa ugaidi, jiandaeni kwa safari ndefu: kesi isipopelekwa Mahakama Kuu kwa siku 180, anastahili dhamana. Akifikishwa mahakama ya kijeshi, mwambieni wakili haraka. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema raia wasihukumiwe huko, lakini sheria mpya ya Juni mwaka huohuo imefungua mlango kwa baadhi ya kesi. Hiyo si kazi ya katibu wa kijiji kuichambua.

Msichome matairi barabarani. Siku zile mbili mnahitaji kila ofisa awe na sababu ya kuwafungulia mlango, na moshi unampa sababu ya kuufunga.

Akirudi

Hospitali kabla ya nyumbani. Daktari aandike kila jeraha kwenye fomu namba 3 ya polisi, mpige picha, nguo zisifuliwe. Sheria ya mwaka 2012 inayokataza mateso haimpi mtesaji kisingizio cha "niliamriwa", lakini mahakamani mtahitaji hizo karatasi, na kovu linapona.

Baada ya hapo kuna kijiji. Watu hawamsalimii aliyerudi. Wanasema kama hakuwa na kitu wasingemchukua. Wanawake wanabadilisha njia ya kwenda kisimani. Mimi nilichoweza ni kuchukua simu yangu, ambayo ilikuwa nzima, nikaenda kukaa kwenye kibanda cha yule fundi saa za soko, mahali ambapo kila mtu ananiona, nikamwomba abadilishe kioo. Alikibadilisha kwa mkono mmoja, simu ameibana kwenye magoti. Nikarudi wiki iliyofuata na redio.

Mwezi wa tatu mwaka huu alihama kwa yule mjane akapata chumba kingine, kwa hiyo ilibidi aandikwe upya. Alikuja mwenyewe, jioni, akakaa kwenye benchi langu. Jina. Alikotoka. Mwenye nyumba. Kazi, nikaandika fundi simu, na mlinzi usiku. Nilipofika safu ya mwisho nikauliza kama ninavyomuuliza kila mtu: nani anakujua hapa?

Akaniangalia kwa muda. "Andika jina lako," akasema.

Nikaliandika.